Kuandaa mafaili ya nota za kwaya kwa ajili ya kitabu cha kuchapwa kiwandani

Mwalimu wa Kwaya, Masasi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu walimu na watunzi. Kwaya yetu imekusudia kuchapa kitabu cha nyimbo zetu za misa, za sauti nne pamoja na kinanda. Fedha tunatarajia kuzipata baada ya minada ya korosho, kwa hiyo nina miezi michache ya kuandaa mafaili kabla ya kuyapeleka kiwandani. Nyimbo nyingi watunzi wetu waliziandika kwa Finale, programu ya kompyuta ya kuandika nota, kwenye ukurasa wa A4, nyingine ni miswada ya mkono, na chache zipo kwa solfa peke yake. Kwa sasa zote nimezikusanya kwenye Word, kila ukurasa wa nota ukiwa umeingizwa kama picha ya JPEG, na kitabu tunataka kiwe cha A5 ili mwimbaji aweze kukishika kwa mkono mmoja. Nilipochapa kurasa za mfano kwenye steshenari ya hapa mjini, mistari ya nota ilitoka mingine minene na mingine myembamba ndani ya wimbo uleule, na maneno ya beti yakawa madogo mno kwa waimbaji wetu wenye umri mkubwa. Naomba kuelewa tatizo liko wapi, na mafaili ya kumkabidhi mchapaji yanapaswa kuwa katika hali gani.

Mpanga Kurasa, Mtwara Mjini

Milele amina, mwalimu. Mashine ya steshenari haina kosa. Tatizo ni kwamba nota zako zimekuwa picha. Mstari mmoja wa nota una unene wa takribani milimita 0.15. Word, usipobadilisha mipangilio yake, mara nyingi hupunguza picha hadi nukta 220 kwa inchi, na katika kipimo hicho nukta moja ina upana wa milimita 0.115. Mstari wako basi ni mnene kuliko nukta moja lakini haufiki mbili, na kompyuta inalazimika kuupa mstari huu nukta moja na ule unaofuata mbili. JPEG nayo huzungushia kila alama ukungu wa kijivu, na kwa kuwa kiwandani hakuna wino wa kijivu, ukungu huo huvunjwavunjwa kuwa vidoa vyeusi, ndiyo maana kingo za nota zinaonekana kama zina manyoya.

Dawa yake ni kuacha kabisa kupitisha nota kwenye picha. Finale, Sibelius, Dorico na MuseScore zote zinaweza kutoa PDF ya vekta, yaani faili ambalo ndani yake mstari umeandikwa kama mstari na nota kama umbo, bila nukta za kuhesabu, na mashine ya kiwandani huuchora kwa ubora wote ilio nao. Ili kuhakikisha, fungua PDF na ukuze ukurasa hadi asilimia 800: kingo za nota zikibaki laini, hiyo ni vekta, zikionyesha ngazi ngazi, ni picha iliyovishwa jina la PDF. Kisha angalia sifa za faili, sehemu ya fonti, uone kwamba kila fonti imepachikwa ndani. Alama za nota zenyewe ni herufi za fonti maalumu, kama Maestro ya Finale au Leland ya MuseScore, na fonti hiyo ikikosekana kwenye kompyuta ya mchapaji, vichwa vya nota vinaweza kugeuka herufi zisizoeleweka au vikatoweka.

Jambo la pili ni ukubwa, nami nakusihi uliamue hili kabla ya kugusa faili lolote. Ukipunguza A4 kuwa A5, kila kitu kinabaki asilimia 71 ya kilivyokuwa. Mistari mitano ya nota iliyokuwa na urefu wa milimita 7, kutoka wa juu hadi wa chini, inabaki chini kidogo ya milimita 5, na maneno ya pointi 11 yanakuwa chini ya pointi 8. Hayo si maandishi ya kumpa mtu aliyesimama, anayemtazama kiongozi wa kwaya kwa jicho moja. Kwa kitabu cha sauti nne mimi hupendelea mistari mitano yenye urefu wa milimita 5.5 hadi 6, na maneno ya pointi 10 au zaidi. Kama nyimbo zenu zina mistari ya kinanda chini ya sauti, A5 itawabana sana. Fikirini B5, ambayo ni milimita 176 kwa 250, lakini muulizeni kwanza mchapaji kama karatasi zake hukatika vizuri kwa ukubwa huo bila mabaki mengi, kwa sababu mabaki hayo mtayalipia ninyi.

Mkishaamua, wekeni ukubwa huo wa ukurasa ndani ya programu yenyewe ya nota na mpange nyimbo upya humo. Katika MuseScore, nafasi kati ya mstari na mstari programu yenyewe huiweka milimita 1.75, kwenu muibadilishe iwe 1.4 hadi 1.5. Faili likitoka humo, lichapwe kwa asilimia 100 bila mtu yeyote kulipunguza wala kulikuza tena.

Mtunzi, Nachingwea

Ndugu mwalimu, naongezea kuhusu Finale. Kampuni ya MakeMusic ilitangaza Agosti 2024 kwamba haitaiendeleza tena, kwa hiyo nashauri watunzi wenu watoe nakala za nyimbo zao kwa MusicXML, aina ya faili la nota linalosomwa na programu mbalimbali, wakati programu hiyo bado inafunguka kwenye kompyuta zao. Nakala hizo zinafunguka katika MuseScore, ambayo ni ya bure. Nota na maneno huhama vizuri, lakini mpangilio wa ukurasa hauhami wote, na matao ya kuunganisha nota pamoja na alama za nguvu ya sauti huenda yakakaa mahali pabaya, hivyo kila wimbo upitiwe baa kwa baa ukilinganishwa na wa awali.

Maneno nayo yanahitaji mkono wa mtu anayeijua lugha. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo chini ya nota tunaandika Mu-ngu na mbi-ngu-ni, wala si Mun-gu, ilhali m ya m-to-to husimama peke yake kama silabi kamili. Vistari hivyo viandikwe katika sehemu ya maneno ya programu, ambayo itavisambaza yenyewe kati ya nota. Vikichorwa kwa mkono vitahama mara tu ukubwa wa ukurasa utakapobadilika.

Solfa mnaweza kuipanga katika jedwali lisilo na mistari au kwa vituo vya tabo, ili nukta pacha za mapigo ya sauti zote nne zisimame wima moja chini ya nyingine. Mtu anayepanga solfa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi hupoteza mpangilio wote siku fonti inapobadilishwa. Miswada ya mkono ningeiandika upya yote, hata kama itachukua wiki kadhaa. Ikiwa kuna ukurasa mnaotaka ubaki na mwandiko wa mtunzi kwa heshima yake, uskaniwe kwa nukta 1200 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu, bila rangi ya kijivu.

Mwalimu wa Kwaya, Masasi

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimezungumza na viongozi wa kwaya na tumekubaliana kuhusu B5. Naomba msaada katika mambo mawili yaliyobaki: namna ya kupanga nyimbo ili mpiga kinanda asipate shida ya kufunua kurasa, na mambo ya kukagua kabla ya kuruhusu uchapaji uanze.

Mpiga Kinanda, Lindi

Mwalimu, wimbo wa kurasa mbili uanzie upande wa kushoto, yaani kwenye namba shufwa, ili kurasa zote mbili zitazamane. Wimbo mrefu zaidi uvunjwe mahali ambapo mkono mmoja wa mpigaji umepumzika mwishoni mwa ukurasa wa kulia. Ikibidi, ni afadhali kuacha nusu ukurasa mtupu, au kuweka hapo wimbo mfupi, kuliko kunilazimisha nifunue katikati ya kiitikio. Naomba pia kitabu kishonwe kwa uzi, kwa kuwa kilichobandikwa kwa gundi tupu hujifunga chenyewe juu ya kinanda. Karatasi ya gramu 80 huonyesha kivuli cha nota za upande wa pili. Ulizeni bei ya gramu 100.

Mpanga Kurasa, Mtwara Mjini

Kwa kushona, pambizo ya ndani iwe kama milimita 18, na jumla ya kurasa igawanyike kwa 16, kwa sababu karatasi kubwa hukunjwa kwa mafungu. Mwambie mchapaji kwamba kurasa za ndani ni za wino mweusi peke yake, asilimia 100, kisha muulize anapokea PDF/X-1a au PDF/X-4, ambazo ni aina za PDF zilizowekwa maalumu kwa uchapaji, umpe anayoitaka. Jalada lenye rangi liwe faili lake peke yake, likiwa na ziada ya milimita 3 kila upande wa kukatwa.

Omba prufu, yaani nakala ya kukagua, iliyochapwa kwenye karatasi ileile ya kitabu, hata ikibidi ije kwa basi kutoka Dar es Salaam. Usiikague kwa kusoma tu. Wape waimbaji wanne, mmoja kwa kila sauti, pamoja na mpiga kinanda, waimbe kila wimbo kutoka kwenye prufu hiyo usiku kwa taa za kanisani, wakiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nota iliyokosewa kwenye alto macho huipita, lakini ikiimbwa husikika papo hapo. Masahihisho yafanywe kwenye faili la programu ya nota, PDF itolewe upya, na jina la faili libebe tarehe, ili kiwandani wasije wakachapa nakala ya zamani.