Mrejesho: tezi ya shingo iliyotunga usaha
Niliuliza ni bakteria gani huvimbisha tezi za shingo za mtoto hadi zitunge usaha, kwani binti yangu alikuwa na uvimbe wenye joto na maumivu chini ya taya, upande mmoja tu. Nawashukuru mlionijibu. Daktari alieleza kwamba uvimbe wa ghafla wa namna hiyo mara nyingi husababishwa na stafilokokasi au streptokokasi, wanaopenyea kooni, puani au kwenye kidonda cha ngozi. Meno yaliyooza nayo huweza kuwa chanzo. Alipobonyeza kwa vidole viwili akahisi majimaji yakicheza ndani, aliamua kuvuta usaha kwa sindano ili bakteria waliomo waoteshwe maabara na kutambuliwa, jambo nililoliona la busara kuliko kubadilisha dawa kwa kubahatisha. Kilichoota ni stafilokokasi, binti akapewa antibiotiki inayoua bakteria huyo, na homa ikashuka. Daktari aliuliza pia kuhusu paka na kikohozi cha muda mrefu nyumbani, kwa sababu bakteria wa mikwaruzo ya paka na wa kifua kikuu huvimbisha tezi polepole, kwa wiki nyingi, pengine bila maumivu makali. Tezi bado inapapasika, ingawa ni ndogo na haiumi. Ameagiza tumalize dozi na turudi ikianza kukua tena.