Gego linauma usiku, mchana linatulia: tatizo ni dawa au ni jino?

Fundi wa Temeke: Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Gego langu la chini lina tundu jeusi linaloingia punje ya mchele, na hii ni siku ya nne linanisumbua. Mchana huuma ninapokunywa chai ya moto au maji ya baridi tu, lakini nikijilaza usiku maumivu hupanda mpaka sikioni. Duka la dawa walinipa diklofenaki na amoksilini, nimemeza siku mbili na bado silali. Nyumbani wananishauri nisage aspirini niijaze kwenye tundu.

Tabibu wa Kinywa: Ndugu yangu, tatizo ni jino. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hutoboa jino mpaka kukaribia kiini chenye neva na mishipa ya damu. Kiini hicho kikivimba hakina pa kutanukia, kwa kuwa kimezungukwa na ukuta mgumu, na ukilala damu huzidi kichwani; ndiyo maana ninashauri ulalie mito miwili. Amoksilini hupambana na bakteria, haitulizi neva iliyovimba. Kwa mtu mzima, parasetamoli ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula huweza kuambatana nayo, na zikiwa pamoja husaidia kuliko moja peke yake. Ila wewe unameza diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu ya ukoo mmoja na ibuprofeni, kwa hiyo usiziunganishe hizo mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo na mjamzito wabaki na parasetamoli. Aspirini usiiweke kwenye tundu kabisa, kwani huunguza ufizi.

Bibi wa Unguja: Mwanangu, kwetu tunachovya pamba kwenye mafuta ya karafuu na kuigusisha jinoni. Hutia ganzi kwa muda, lakini usiyamwage ufizini, yanachoma.

Tabibu wa Kinywa: Bibi amesema kweli, yujenoli iliyomo katika karafuu ndiyo tunayochanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Fundi wa Temeke: Ninawashukuru. Tangu jana usiku maumivu yamekatika ghafla, nadhani nimepona.

Tabibu wa Kinywa: Hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu maumivu makali yakikatika ghafla huenda kiini kimekufa, na kinachofuata mara nyingi ni usaha kwenye mzizi. Nenda kliniki ya meno wiki hii, pengine gego hilo bado linaweza kutibiwa mzizi na kuzibwa badala ya kung'olewa. Shavu likivimba, ukapata homa, ukashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, usingoje kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo.