Roma siku tatu kwa wanafunzi: Roma Pass, tiketi moja moja, au kungoja Jumapili ya bure?

Leipzig_Kusini (mleta uzi)
Wakuu, habari. Tupo wanne, wanafunzi wa chuo hapa Ujerumani, miaka 21 hadi 24. Watatu tuna pasipoti za Tanzania na Kenya, mmoja ni raia wa Ujerumani. Tunataka Roma siku tatu mwezi Machi: Colosseum, Makumbusho ya Vatican, Pantheon (hekalu la kale). Hayo tu, mengine ni kutembea. Kati ya Roma Pass ya saa 72 (pasi moja ya viingilio na usafiri wa mjini), tiketi moja moja, na kupanga safari iangukie Jumapili ya kiingilio cha bure, ipi inalipa? Na tulale karibu na Termini, stesheni kuu ya treni, au mtaa wa Trastevere?

Hesabu_Kwanza
Karibu. Jambo la kwanza: ninyi wanne hamtalipa bei moja. Magofu na makumbusho ya serikali ya Italia yanaangalia uraia, hayaangalii chuo. Raia wa Umoja wa Ulaya mwenye miaka 18 hadi 25 analipa euro 2 Colosseum. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya analipa euro 18 kamili, hata kama anasoma Ulaya na ana kibali cha kuishi. Wengi wa kwetu wanakwama hapa. Wanachagua tiketi ya punguzo mtandaoni, mfumo unakubali, kisha mlangoni wanaombwa pasipoti na inabidi watafute tiketi nyingine siku ambayo zimeshakwisha.

Vatican ni nchi nyingine na ina kanuni zake. Mwanafunzi wa hadi miaka 25 mwenye kitambulisho halali anapata punguzo, awe wa nchi yoyote. Bei kamili ni euro 20, ya mwanafunzi ni nusu au chini ya hapo, na kila anayehifadhi saa mtandaoni anaongeza euro 5. Hakikisheni kitambulisho kinaonyesha muda wake wa kuisha. Kama hakionyeshi, tafuteni kadi ya kimataifa ya mwanafunzi, ISIC.

Sasa hesabu ya kila mmoja wenu watatu bila Vatican: Colosseum 18, Pantheon 5, safari nane za metro au basi kwa euro 1.50, yaani 12. Jumla 35. Roma Pass ya saa 72 inazidi euro 50, na Vatican haimo ndani yake. Kwa orodha yenu pasi haiwalipi. Kwa Mjerumani wenu ni hasara tupu.

Mama_Ramani
Nakubaliana na hesabu, ila pasi isihukumiwe kwa orodha fupi. Ile ya saa 72 inawaingiza bure sehemu mbili za kwanza, zinazofuata kwa punguzo, na usafiri wa mjini umo. Mtu anayetaka Colosseum, Makumbusho ya Capitolini na ngome ya Castel Sant'Angelo, halafu analala mbali na anapanda basi kutwa, inaweza kumfaa. Aanze na zile za bei kubwa, maana pasi inahesabu za kwanza alizoingia, haichagui zilizo ghali.

Jueni pia kwamba pasi haikuondolei kuhifadhi saa ya Colosseum. Mwenye pasi asiye na saa anabaki nje sawa na asiye na tiketi.

Hesabu_Kwanza
Kweli kabisa, dada. Na kwa wanaonunua moja moja: tiketi za Colosseum zinafunguliwa siku 30 kabla, kwenye tovuti rasmi ya Hifadhi ya Colosseum. Zinabeba jina la kila mtu, kwa hiyo andikeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na pasipoti mwende nayo. Ile ya kawaida inadumu saa 24 na inajumuisha magofu ya Foro Romano na kilima cha Palatino, lakini kule mnaingia mara moja tu. Ukitoka kununua chakula, hurudi. Kuleni kwanza, jazeni chupa za maji, kisha ingieni.

Mabegi makubwa hayaruhusiwi Colosseum na hakuna pa kuyaacha. Siku ya kuondoka mzigo ubaki hosteli.

Jumapili_Bure
Niitetee Jumapili, lakini kwa masharti. Ziko mbili na watu huzichanganya. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya serikali ya Italia: Colosseum na Pantheon ni bure. Jumapili ya mwisho ni ya Makumbusho ya Vatican, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, na mwisho wa kuingia ni saa 6 na nusu. Jumapili nyingine Vatican hufungwa. Hakuna namna ya kupata zote mbili bure katika safari ya siku tatu.

Ninyi nawashauri Jumapili ya kwanza, kwa sababu Colosseum ndiyo inayowabana watatu kwa euro 18. Kwa siku hiyo hakuna kuhifadhi mtandaoni. Tiketi inatolewa pale pale na foleni inaanza mapema. Fikeni kabla milango haijafunguliwa. Mkifika saa 5 asubuhi, nusu ya siku itaishia kwenye foleni, na siku ya Roma ina thamani kuliko euro 18. Kama hamna uwezo wa kuamka, lipeni.

Reli_na_Njia
Niongelee kulala na usafiri. Termini, au mtaa wa Esquilino pembeni yake, ndiyo penye mantiki kwa siku tatu: metro A na B zinakutana hapo. A inawapeleka Ottaviano kwa Vatican, B inawashusha Colosseo. Karibu na Piazza Vittorio kuna soko la Esquilino lenye ndizi za kupika, mihogo, viungo na nyama halali, na hosteli yenye jiko itawaokolea fedha nyingi. Trastevere ni pazuri jioni, lakini metro hakuna, na usiku kelele hazishi. Kodi ya jiji hulipwa kwa kila mtu kila usiku, hosteli ni euro 3.50, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyoona mtandaoni.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino: treni ya Leonardo Express euro 14, dakika 32 hadi Termini bila kusimama. Treni ya FL1 ni euro 8, lakini haifiki Termini. Inapita Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Basi ni la bei ya chini kuliko zote, na likikuta foleni ya magari linapitiliza saa moja. Mkishukia uwanja mwingine wa ndege, Ciampino, hakuna treni uwanjani, ni basi.

Tiketi ya 1.50 inadumu dakika 100, mabasi na tramu bila kikomo, metro mara moja. Ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine ya basi. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na faini inazidi euro 50. Mkilipa kwa kugusa kadi ya benki, kila mtu atumie yake.

Leipzig_Kusini
Asanteni sana. Kuna rafiki anasoma Uingereza, pasipoti ya Kenya, anataka kujiunga. Na Basilika ya Mtakatifu Petro tuiweke lini?

Mama_Ramani
Ninyi wa Ujerumani mnatosha na pasipoti na kadi ya kibali: siku 90 ndani ya siku 180 katika nchi nyingine za Schengen. Kibali cha Uingereza hakina nguvu hiyo. Rafiki yenu aombe viza ya Schengen kwa Italia akiwa huko huko Uingereza: ada euro 90, bima isiyopungua euro 30,000, na maombi yaingie angalau siku 15 kabla. Machi ni karibu, aanze leo.

Basilika ni bure, foleni ni ya ukaguzi wa usalama. Epukeni Jumatano asubuhi, Papa anapokutana na watu uwanjani. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Kupanda kuba ni ngazi 551. Ukilipia lifti zinabaki 320, na za mwisho ni nyembamba zinazopinda na ukuta. Mwenye hofu ya mahali pafinyu abaki chini.

Mlango wa makumbusho uko Viale Vaticano, upande mwingine kabisa wa ukuta. Wekeni robo saa ya kutembea kati yake na basilika.

Jumapili_Bure
Msiyasahau makanisa. San Luigi dei Francesi, dakika chache kutoka Pantheon, ina picha tatu za mchoraji Caravaggio bila kiingilio. Bebeni sarafu za kuwashia taa. Mengi hufungwa mchana, kama saa 6 na nusu hadi saa 9 na nusu au 10, kwa hiyo saa hizo ziwe za Colosseum au chakula.

Na mkishuka metro Circo Massimo, mbele ya makao makuu ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ndipo ulipokuwa mnara wa Aksum uliochukuliwa Ethiopia mwaka 1937. Ulirudishwa 2005. Mwafrika akiwa Roma anastahili kusimama pale dakika tano.