Mrejesho: Hedifoni na spika kulia pamoja

Ahsanteni nyote mlionijibu kuhusu sauti ya kompyuta yangu. Spika ziko tundu la kijani la nyuma, hedifoni tundu la mbele, na zote zilikuwa zikilia kwa pamoja, badala ya spika kunyamaza nikichomeka hedifoni. Pia hedifoni ilikuwa na mkwaruzo sikio la kushoto, na spika zina mvumo.

Aliyesema nifungue kasha la kompyuta ndiye aliyepatia. Waya wa paneli ya mbele una vichwa viwili, HD AUDIO (mfumo mpya wa sauti) na AC'97 (mfumo wa zamani), na fundi alichomeka cha AC'97. Hicho hakipeleki ishara ya kuitambua plagi, basi kompyuta haijui kama hedifoni imeingia. Zima, chomoa umeme, chomeka cha HD AUDIO kwenye pini 9 zilizoandikwa F_AUDIO au JAUD1 kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta). Nafasi moja haina pini, kwa hiyo hakiingii kinyume; ukilazimisha utapinda pini. Kuweka upya draiva (programu inayoendesha sauti) hakukusaidia chochote.

Mkwaruzo wa sikio la kushoto ulikuwa kutu ndani ya tundu (chumvi ya hewa ya Mombasa mwaijua). Spiriti ya isopropili kidogo kwenye plagi, chomeka-chomoa mara kadhaa, iache ikauke.

Mvumo wa spika ungalipo hata waya wa sauti ukichomolewa kwenye spika zenyewe, kwa hiyo kompyuta haihusiki. Nashuku kapasita (vipande vinavyotuliza umeme) za pawa ya spika.