Sabufa ya kujitengenezea haifiki hezi 27.5

Swali
Ndugu wataalamu, nimetengeneza sabufa (spika ya besi) ya boksi la mbao la lita 40, lililozibwa kabisa, lenye spika moja ya inchi 10. Noti ya chini ya gitaa la besi, yaani hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), inatoka vizuri, lakini ile ya mwisho kushoto mwa piano, hezi 27.5, inasikika kwa mbali tu, na nikiongeza sauti koni ya spika inagonga. Je, nitoboe tundu la hewa au ninunue amplifaya kubwa zaidi?

Jibu la 1
Amplifaya iache kwanza, kwa sababu kinachogonga ni koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) iliyofika mwisho wa njia yake. Masafa, yaani idadi ya hezi, yakishuka kwa oktava moja (hadi nusu), koni hulazimika kusogea mara 4 ili kutoa kiasi kilekile cha sauti. Kwa hiyo hata kutoka hezi 41 hadi 27.5 mwendo unazidi mara 2. Spika ya pili ya aina ileile, katika boksi lake lenyewe, itapunguza mwendo huo kwa nusu. Ukiunganisha sambamba spika mbili za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), hakikisha amplifaya inavumilia omu 4.

Jibu la 2
Naafiki, ingawa tundu nalo lina faida yake: karibu na masafa liliyolengwa bomba la tundu hilo, hewa iliyomo bombani ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya sauti huku koni ikitulia. Chini ya hapo, hata hivyo, koni hukosa kizuizi, na sauti hushuka kwa desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila oktava, badala ya 12 za boksi lililozibwa. Isitoshe, bomba jembamba hupiga mluzi, na la kipenyo cha sentimita 10 lililolengwa hezi 25 katika lita 40 litahitaji urefu wa takriban sentimita 87.

Muulizaji
Sentimita 87 hazienei humo hata nikilikunja. Nitatengeneza boksi la pili.

Jibu la 3
Kabla ya kukata mbao, ndugu, usipime kwa piano. Noti yake ya mwisho ina nguvu kidogo sana kwenye hezi 27.5 zenyewe, sikio huitambua zaidi kwa sauti zake za juu, 55, 82.5 na kuendelea, hivyo huenda unailaumu spika kwa kosa la kinanda. Cheza toni safi, yaani ya masafa mamoja tu, kwa sauti ya wastani, kisha usogeze boksi pembeni, panapokutana kuta mbili, usikilize tena ukiwa umeketi palepale.