Mjadala: Mfumo endeshi mpya ujipakue wenyewe, au mwenye mashine aulizwe kwanza?

Mtambo (mleta mada)

Wakuu, naleta hoja hii tuijadili kwa kina. Mtu ana kompyuta, mfumo endeshi wake (Windows, kwa mfano) ameuzoea, programu zake zote zinakubali. Kampuni iliyotengeneza mfumo inatoa toleo jipya, na mashine inaanza kulivuta kimyakimya, GB baada ya GB, mwenyewe hana habari. Je, hiyo ni haki? Na asiyetaka azuie vipi bila kujiletea balaa lingine?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Viraka vya usalama vije vyenyewe. Toleo jipya zima lisiguse diski mpaka mwenye mashine akubali. Kiraka kinaziba tundu na mfumo unabaki ule ule. Toleo jipya ni mfumo mwingine unaokalia nafasi ya ule wa zamani, na huko ndiko printa zinakokosa draiva (programu ndogo ya kuziendesha) na programu za zamani zinakogoma kufunguka.

Kwa wasiokumbuka: Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na wenye Windows 7 na 8.1 wakapewa mwaka mmoja kuipata bure. Sasisho namba KB3035583 ndilo lililopandikiza kile kialama cha mwaliko kwenye kona ya skrini. Mafaili ya mfumo mpya yalishushwa mapema kwenye folda iliyofichwa, C:\$Windows.~BT, yakila kati ya GB 3.5 na 6. Februari 2016 Windows 10 ikahamishiwa kwenye kundi la masasisho yanayopendekezwa, na hayo kwenye kompyuta nyingi yalikuwa yanaingia yenyewe. Kilichoudhi zaidi kilikuja baadaye: dirisha lilitangaza saa ya kupandisha mfumo, na ukilifunga kwa alama ya X, ratiba ilibaki pale pale. Alama ambayo miaka yote ilikuwa na maana ya "sitaki" ikahesabiwa kuwa umekubali. Kitufe cha kukataa waziwazi kilikuja mwishoni mwa Juni 2016, ofa ikiwa imebakiza mwezi mmoja.

Nyuzi

Mleta mada, hasira nazielewa, lakini tusisahau upande wa pili. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka MS17-010. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi WannaCry kikapita kwenye tundu lile lile na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, zikiwemo. Dawa ilikuwa imeshatoka karibu miezi miwili. Tukimwachia kila mtu aamue, wengi hawaamui chochote. Wanabofya "baadaye" mpaka siku wanapoumia.

Halafu huko kutenganisha kiraka na toleo kunafanya kazi kwa muda tu. Msaada wa bure wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Anayebaki humo bila kujiandikisha kwenye mpango wa viraka vya nyongeza, unaofika 13 Oktoba 2026 kwa watumiaji binafsi, hana kiraka wala toleo. Kwa hiyo mimi nasema mfumo ujisasishe kwa chaguo-msingi, na anayejua anachofanya ndiye ahangaike kuuzima.

Mtambo

Nyuzi, mfano wako unanisaidia mimi. Kompyuta nyingi zilizopigwa na WannaCry zilikuwa za Windows 7, na Windows 7 ilikuwa na kiraka chake. Zilihitaji kiraka, hazikuhitaji Windows 10. Sasa mchukue mtu aliyeamka akakuta mfumo umebadilika bila idhini yake. Jambo la kwanza analofanya ni kuzima masasisho yote, ya usalama yakiwemo. Kulazimisha toleo kunaua imani ya watu kwa viraka. Madhara hayo yanaonekana baadaye, na hakuna anayeyahesabu.

Na tusijifanye toleo jipya huwa limeiva siku ya kwanza. Toleo 1809 la Windows 10 lilitoka tarehe 2 Oktoba 2018, na siku chache tu baadaye likasimamishwa kwa sababu lilikuwa linafuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, hasa waliokuwa wamehamisha folda kama Nyaraka na Picha kutoka mahali pake pa kawaida. Ambaye mashine yake ilikuwa imefungwa kwenye toleo lililotangulia hakuguswa.

Bisibisi

Wakati mnabishana, niweke njia inayofanya kazi, maana mitandaoni kuna ushauri mwingi mbovu.

Mbovu kuliko yote ni ule wa kuzima huduma ya Windows Update (wuauserv). Windows 10 na 11 zina huduma nyingine, WaaSMedicSvc, kazi yake ni kuiwasha tena hiyo uliyoizima. Utazima leo, baada ya muda utaikuta inafanya kazi. Na kama umefanikiwa kuizima kabisa, umejinyima viraka pia, yaani yale anayoyaogopa Nyuzi.

Njia safi ni kuuambia mfumo ubaki kwenye toleo gani. Kwenye Windows Pro, fungua gpedit.msc (kihariri cha sera za mfumo), nenda kwenye sera za Windows Update, tafuta "Select the target Feature Update version", iwashe, jaza Windows 10 kwenye nafasi ya bidhaa na 22H2 (toleo la mwisho la Windows 10) kwenye nafasi ya toleo. Windows Home haina gpedit, kwa hiyo unaingia kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows:

1. Bonyeza Windows+R, andika regedit, kubali ombi la msimamizi.
2. Fika HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows. Kama hakuna folda WindowsUpdate, itengeneze. Jina linaandikwa pamoja, bila nafasi katikati.
3. Ndani yake weka DWORD (thamani ya namba) iitwayo TargetReleaseVersion, thamani 1.
4. Weka String (thamani ya maandishi) iitwayo ProductVersion, thamani Windows 10.
5. Weka String nyingine iitwayo TargetReleaseVersionInfo, thamani 22H2.
6. Washa mashine upya.

Makosa yanayorudiwa ni mawili. La kwanza, mtu anaitengeneza hiyo ya tano kama DWORD badala ya String, na mfumo unaipuuza bila kutoa kosa lolote. La pili ni kuruka ProductVersion. Jina 22H2 lipo kwenye Windows 10 na lipo pia kwenye Windows 11, kwa hiyo bila kutaja bidhaa hujaeleza unabaki wapi. Ukimaliza, ukurasa wa Windows Update utaandika kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika. Usishtuke, hiyo ndiyo dalili kwamba sera imesomwa.

Viraka vya toleo ulilolitaja vinaendelea kuingia kama kawaida, maadamu toleo bado linahudumiwa; kwa Windows 10 sasa ni kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza alioutaja Nyuzi. Ndiyo maana naipenda njia hii.

Nyuzi

Bisibisi, kazi nzuri, lakini malizia na upande wake wa pili. Hati za Microsoft zenyewe zinasema toleo ulilolifunga likipita siku 60 tangu mwisho wa huduma yake, kifaa kinaweza kusasishwa chenyewe. Kwa hiyo kufuli hiyo ina tarehe ya mwisho. Kwa walio Windows 11, toleo 24H2 la Home na Pro linafikia kikomo tarehe 13 Oktoba 2026. Anayelifunga leo ajiwekee ukumbusho kabla ya hapo.

Pamba

Wakuu, na ambaye mfumo umeshashuka kwenye diski lakini haujawekwa? Wengine wanashauri kufuta folda tu. Wengine wanasema uingie BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka) uzime TPM, ile chipu ya usalama, ili mashine ionekane haifai kwa Windows 11.

Bisibisi

Pamba, la TPM liache kabisa. Ni kweli Windows 11 inadai TPM 2.0 na mashine isiyo nayo haipewi ofa. Lakini kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima, na kompyuta nyingi mpya hufungwa hivyo bila mwenyewe kujua, ukizima TPM mashine itakudai ufunguo wa tarakimu 48 inapowaka. Asiyekuwa na ufunguo huo anaweza kupoteza kila kitu kilichomo. Kuzuia sasisho hakustahili gharama hiyo.

Kuhusu mafaili yaliyoshuka, mpangilio wa hatua ndio muhimu. Zuia kwanza, futa baadaye. Ukifuta folda kabla ya kuweka sera, mashine inaona mafaili hayapo na inaanza kuyavuta upya. GB zile zile unazilipia mara mbili. Sera ikishakaa, fungua Disk Cleanup, chagua kusafisha mafaili ya mfumo, weka tiki kwenye "Temporary Windows installation files", thibitisha. Usiifute $WINDOWS.~BT kwa mkono, maana ruhusa zake zitakukatalia katikati na kukuachia mabaki.

Kama mfumo umeshawekwa, una siku 10 za kurudi ulikotoka, kupitia Mipangilio, System, Recovery, halafu "Go back". Muda huo unaweza kuurefusha hadi siku 60 ukiwahi kabla haujaisha. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika: DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Folda Windows.old usiiguse, ndiyo inayobeba mfumo wa zamani.

Kereng'ende

Mimi niongezee upande wa data, maana wengi shida yao ni MB zinazoyeyuka, siasa za idhini hawana habari nazo. Kwenye mipangilio ya mtandao fungua jina la Wi-Fi unayotumia, washa "Metered connection". Windows itaacha kupakua masasisho makubwa kwenye mtandao huo, ingawa machache yanayohesabiwa ya dharura bado yanaweza kupita. Angalizo ni kwamba mpangilio huo unakaa kwenye mtandao mmoja mmoja. Ukihamia Wi-Fi nyingine, au simu ikabadilishwa jina la hotspot, mlango uko wazi tena. Zima pia "Allow downloads from other PCs" kwenye Delivery Optimization (sehemu ya kugawana masasisho kati ya kompyuta), la sivyo kompyuta yako inaweza kuwarushia wengine sasisho hilo hilo kwa data yako.

Kitufe cha kusitisha masasisho kinakupa wiki 5 tu kwa mkupuo. Muda ukiisha, unalazimika kupokea yaliyosubiri kabla ya kusitisha tena. Kinafaa kwa safari au msimu wa kazi nyingi, hakifai kuwa kinga ya kudumu.

Kwenye Mac, ingia System Settings, General, Software Update, bonyeza ile i pembeni ya masasisho ya kiotomatiki. Zima kupakua na zima kuweka macOS. Ila swichi ya mwisho, ya majibu ya usalama na mafaili ya mfumo, iache imewashwa. Hapo Apple wametenganisha vizuri kile anachokidai Mtambo.

Kwenye iPhone, zima upakuaji wa iOS kwenye masasisho ya kiotomatiki, kisha nenda iPhone Storage, tafuta faili la iOS kwenye orodha, ulifute. Fanya haraka kabla ya kuliweka, kwa sababu Apple huacha kuidhinisha matoleo ya zamani muda mfupi baada ya jipya kutoka, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Android inatofautiana kwa kila mtengenezaji. Kwenye simu nyingi unagonga Nambari ya muundo mara 7 ili kufungua Chaguo za Wasanidi Programu, ndani yake unazima masasisho ya mfumo ya kiotomatiki. Swichi hiyo inazuia sasisho lisiwekwe simu inapozimwa na kuwashwa. Kupakua kunazimwa kwingine, kwenye ukurasa wa sasisho la programu.

Mtambo

Asante Kereng'ende. Na kwa anayedhani haya ni malalamiko ya watu wabishi, Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple yuro milioni 10 na Samsung yuro milioni 5, kwa kuwasukuma watu kuweka masasisho yaliyodhoofisha simu zao bila kuwaeleza vya kutosha. Umoja wa Ulaya nao, kwenye Direktiva 2019/770, unamtaka mtoa huduma ya kidijitali amjulishe mteja mabadiliko kwa lugha iliyo wazi. Yakimwathiri vibaya kwa kiasi kisicho kidogo, mteja anaweza kuvunja mkataba, isipokuwa kama ameachiwa nafasi ya kubaki na kile cha zamani bila gharama ya ziada.

Nyuzi

Hilo la Italia nalikubali. Kumweleza mtu ukweli kabla ya kuweka, sina ubishi. Ninachokataa ni ndoto ya kubaki nyuma milele. Mwaka 2021 Apple waliruhusu watu wabaki iOS 14 huku wakipokea viraka. Ilipofika Januari 2022, anayetaka viraka ikabidi aende iOS 15. Kutunza matoleo mawili kunahitaji wahandisi wawili kwa kila tundu, na hakuna kampuni itakayofanya hivyo bila kikomo.

Mtambo

Basi waandike kikomo hicho siku ya kwanza, kwenye skrini ile ile yenye kitufe cha kupandisha: toleo lako litapata viraka hadi tarehe fulani, jipya lina GB kadhaa, linadai hiki na kile, kurudi nyuma ni siku 10. Chini yake vitufe viwili vyenye ukubwa mmoja, kubali na kataa. Atakayekataa abaki na viraka vyake hadi tarehe hiyo, na diski yake isiguswe.

Nyuzi

Na asiyebofya chochote? Hapo ndipo tunapotofautiana. Mimi nasema zikibaki siku 30 kabla ya kikomo, akiwa bado yuko kimya, toleo lishuke.

Mtambo

Lishuke akiwa kwenye mtandao usio wa kulipia kwa MB, na lisijiweke mpaka abofye. Kwa masharti hayo mawili, nakubali.