Mshahara wa askari polisi: tudai haki yetu kwa njia gani?

Lindo la Usiku aliuliza:

Ndugu zangu, mimi ni askari polisi wa cheo cha chini, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Nina uchungu, lakini nimesubiri siku kadhaa kabla ya kuandika ili uchungu huo usinishikie kalamu. Mshahara wetu haujaongezwa kwa muda mrefu, posho ya safari za kikazi za mwaka jana bado hatujaiona, na viatu vya sare ninavyovaa nimevinunua kwa fedha yangu mwenyewe. Zamu ya saa 8 hugeuka kuwa ya saa 14 mara tu mwenzako anapopelekwa kusindikiza msafara, na saa hizo za ziada haziandikwi popote.

Kituoni vijana wameanza kunong'onezana. Wapo wanaopendekeza kwamba siku moja sote tupige simu tuseme tunaumwa, na wapo wanaotaka mgomo baridi, yaani tufike kazini lakini tusiguse jalada lolote. Sheria ya jeshi letu inakataza kugoma, na hilo ninalijua. Linalonisumbua zaidi ni kwamba usiku huo huo tutakaojifanya wagonjwa, mama aliyepigwa atafika kaunta akiwa na mtoto mgongoni, asikute mtu wa kumwandikia maelezo. Je, ipo njia ya askari kulalamikia ujira wake hadi asikilizwe, bila kuvunja kiapo na bila kumwacha mwananchi peke yake?

Wakili wa Kazi alijibu:

Afande, nianze na sheria, kwa sababu ndiyo itakayokulinda. Mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani, namba 87 wa 1948 kuhusu uhuru wa kujiunga na vyama na namba 98 wa 1949 kuhusu majadiliano ya pamoja, inaiachia kila nchi iamue haki hizo ziwahusu polisi kwa kiasi gani. Ndiyo maana hali hutofautiana. Nchini Afrika Kusini askari polisi wana vyama vya wafanyakazi na baraza la kujadiliana na mwajiri, lakini hawaruhusiwi kugoma kwa kuwa kazi yao ni huduma ya lazima, na mvutano usiomalizika mezani hupelekwa kwa msuluhishi ambaye uamuzi wake huzifunga pande zote mbili. Nchini Kenya, ibara ya 24 ya Katiba ya 2010 inaruhusu sheria iziwekee mipaka haki za polisi kuhusu vyama, maandamano na mahusiano ya kazi. Soma kwanza sheria ya jeshi lako na kanuni zake za nidhamu, wala usitegemee maneno ya kantini.

Jambo ambalo askari wengi hulikosea ni kuchanganya deni na ombi. Posho ya safari uliyokwisha kuifanya kwa amri ya maandishi ni deni, na deni linaweza kudaiwa hata mbele ya mahakama. Nyongeza ya mshahara ni suala la bajeti, nayo ina njia yake ndefu. Ukiyaweka yote mawili katika barua moja ya hasira, utajibiwa kwamba bajeti haitoshi, na deni litanyamaziwa. Andika la deni peke yake, ambatisha nakala ya amri ya safari, ipitishe kwa mkuu wa kituo, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Tena kila mmoja aandike yake. Waraka mmoja wenye saini 40 unaweza kutafsiriwa kuwa uasi katika baadhi ya majeshi, ilhali barua 40, kila moja kwa jina la mwenyewe, ni malalamiko 40 ambayo kila moja inastahili jibu.

Mstaafu alijibu:

Kijana wangu, hilo la kujifanya wagonjwa liacheni kabisa. Kazi yetu yote inasimama juu ya neno la askari. Siku utakapotoa ushahidi, wakili wa utetezi atakuuliza kama kweli uliumwa tarehe ile, na mshtakiwa aliyestahili kifungo atatoka nje akitembea.

Kuhusu mgomo wenyewe, wasomeni askari wa Boston, nchini Marekani. Walilalamikia mishahara duni, saa nyingi za kazi, vituo vichafu na kujinunulia sare, yaani karibu yale yale uliyoyaandika. Tarehe 9 Septemba 1919 zaidi ya askari 1,100 waliacha kazi, mji ukaporwa na watu wakafa. Hakuna hata mmoja wao aliyerudishwa kazini. Waliopewa mishahara bora na sare za bure ni wale walioajiriwa kuchukua nafasi zao. Jambo hilo limeniuma tangu nililisoma, kwa sababu madai yao yalikuwa ya haki.

Sikatai kwamba mgomo uliwahi kuleta nyongeza. Askari wa London waligoma Agosti 1918 wakaongezwa mshahara. Lakini waliorudia mwaka uliofuata, London na Liverpool, walifukuzwa, na sheria ya 1919 ikawapa wenzao chombo rasmi cha kuwasemea huku ikiwapiga marufuku kujiunga na chama cha wafanyakazi. Vumilieni, mfuate ngazi.

Mke wa Askari alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Ninakubaliana nawe kuhusu mgomo, ila neno "vumilieni" limenichoma. Uvumilivu wa mume wangu ndio unaolipa kodi ya chumba kimoja tunamolala watu watano, na ndio uliomfanya mwenzake mmoja aanze kunyoosha mkono kwa madereva barabarani. Mwananchi akiona mkono huo hana tena huruma na mishahara yetu, na simlaumu.

Sisi wake hatujala kiapo cha jeshi. Najua kwamba Februari 2017, katika jimbo la Espírito Santo nchini Brazil, ambako polisi wa doria hawaruhusiwi kugoma, wake na ndugu zao waliziba milango ya kambi ili askari wasitoke, na zaidi ya watu 100 wakauawa jimboni katika siku hizo. Mlango wa kambi sitauziba kamwe. Lakini naweza kwenda kwa mbunge nikiwa na wenzangu, tukiwa na picha za nyumba na orodha ya miezi ya posho isiyolipwa, na kuomba kamati ya bunge ije ione, kabla ya bajeti kupitishwa. Afande, mwambie mkeo aanze na majirani wa kambini.

Lindo la Usiku alijibu:

Wakili, Mzee na Dada, nimewasoma mara mbili. Jana usiku niliwasomea vijana wa zamu habari za Boston, na aliyekuwa wa kwanza kupendekeza simu za ugonjwa alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza amri zake za safari zimehifadhiwa wapi. Tumezipata 6 kati ya 9. Kesho naenda masijala kuomba nakala za 3 zilizobaki, na mke wangu ameshazungumza na wanawake wanne.

Wakili, iwapo mkuu wa kituo atakataa kugonga mhuri, nifanyeje?

Wakili wa Kazi alijibu:

Itume kwa posta kwa rejista, kwake na kwa ofisi iliyo juu yake, na risiti uitunze nyumbani, isikae kituoni.